Bunduki ya Darasa

Askari aliyemleta yule mama hakutaka hata kukaribia mlango. Alisimama ng'ambo ya mfereji wa maji machafu unaopita mbele ya vyumba vya kupanga, kule bondeni chini ya kilima cha Mbuya, akanyoosha kidole kama mtu anayeonyesha pa kutupa taka.

"Mama Aciro! Mgeni yako huyu. Anatoka huko kwenu. Wakubwa wamesema akae kwa Otema mpaka mtoto yake apone."

"Mtoto gani?" Alum, mama yake Aciro, aliuliza, kikaango cha karanga mkononi, ingawa alishajua.

"Ile kuruta ya jicho."

Akageuka, akaenda zake. Mama akauvuka mfereji kwa hatua moja ndefu, furushi kichwani, vumbi la safari limemganda kwenye kope. Alikuwa mwembamba, wa miaka hamsini hivi, na alikuwa na namna ya kutazama chini kwanza kabla ya kutazama watu. Alisalimia kwa Kiacholi, Alum akaitika kwa Kiacholi, na kwa muda kidogo ikawa kama siku yoyote ambayo mtu wa nyumbani amefika.

"Mimi naitwa Laker. Mama yake Opoka. Nimeambiwa mume wako ndiye mwalimu wake."

"Ndiye."

"Basi Mungu hakunitupa." Laker akaketi kizingitini bila kungoja kukaribishwa, maana miguu ilikuwa imekataa. "Njia nzima nilikuwa nasema, Kampala nitalala wapi? Kumbe mtoto wangu ana baba huku."

Alum alimpa maji kwenye kikombe cha bati. Laker akanywa nusu, akamrudishia amalizie, kama wafanyavyo wanawake wa kwao wanapokutana mbali na nyumbani. Alum akakipokea kikombe, akakitazama, akayamwaga maji mferejini.

"Kulikuwa na inzi," akasema.

Hapakuwa na inzi. Palikuwa na jambo jingine, ambalo Mwacholi yeyote angelielewa kama angelijua. Nyumba iliyomwaga damu na nyumba iliyomwagiwa hazili chungu kimoja wala hazinywi kikombe kimoja, mpaka wazee wakae, yasemwe yote waziwazi, na fidia itolewe. Wapo wanaosema sheria hiyo ni ya mauti tu, na jicho si mauti. Mama mzazi wa Alum hakuwa mtu wa kuyapima mambo hivyo. Damu ni damu, alikuwa akisema, na mwenye kosa akila na aliyemkosea huku anajua, balaa halimgusi yeye. Huwapitia watoto wake.

Na Alum alijua damu hii ilitoka nyumba gani.

*

Otema alirudi jua lilipokuwa likizama. Alimwona Laker amelala kwenye mkeka kando ya kabati, amejifunika kitenge, akarudi nje kinyumenyume. Mkewe akamfuata mpaka nyuma ya bafu la wapangaji.

"Umewaambia wamlete hapa?"

"Mimi ni nani niwaambie wakubwa? Wametafuta Mwacholi, wamenipata."

Alikuwa sajini, mwalimu wa silaha katika chuo cha makuruta. Zamani alikuwa fundi wa bunduki katika jeshi lililoshindwa. Vita vilipokwisha alijisalimisha na kisanduku chake cha tupa na bisibisi, na jeshi jipya likamchukua kwa sababu mafundi walikuwa wachache. Lakini hata walipokuwa wakimchekea, wenzake walimwita "wa jeshi lile".

Kazi yake ilikuwa kupasua bunduki. Aliletewa zile mbovu zilizookotwa vitani, akazikata ubavu kwa msumeno wa chuma, taratibu kama mtu anayechuna mnyama mwenye ngozi ya kuuzwa, mpaka matumbo yakaonekana: springi, bolti, na sindano inayoipiga risasi. Kingo za sehemu alizokata alizipaka rangi nyekundu ili hata kuruta wa benchi la nyuma azione. Ziliitwa bunduki za darasa. Moja, nzuri kuliko zote, ilitundikwa ukutani katika ukumbi wa maafisa. Wageni wakija huonyeshwa, na jina la aliyeikata halitajwi.

Ila bunduki tupu haifundishi. Kuruta lazima aone risasi ikipanda na sindano ikiigonga kitako. Kwa hiyo Otema alitengeneza risasi mfu. Aling'oa kichwa, akamwaga baruti, akarudisha kichwa mahali pake. Ikabaki fataki, ile punje ya kitakoni inayowaka ikigongwa. Hiyo aliiua kwa kuiloweka katika mafuta ya taa. Na kwa kuwa chuoni mafuta ya taa hayakudumu, aliloweka nyumbani, ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Kazi ya kuzitoa na kuzifuta alimwachia mkewe.

"Nataka nikuulize mara moja tu," Otema akasema. Alikuwa akinong'ona, na mkono wake ulikuwa umeushika ukuta wa bafu kama mtu aliye juu ya ngazi. "Zile risasi za mwisho ulizitoa lini?"

Alum aliutazama ule mkono.

Alikuwa amezitoa Alhamisi, jioni ileile Otema alipoziloweka. Mvua ilikuwa imelowesha mkaa, duka lilikuwa halina mafuta, na kulikuwa na mtu aliyeagiza karanga za harusi. Aliyamwaga mafuta ya kopo kwenye jiko dogo, akazifuta risasi kwa kitambaa, akazifunga ndani ya soksi kama kawaida. Risasi isiyo na baruti itafanya nini? Ndivyo alivyojiuliza, akawasha kiberiti.

"Jumapili," akasema. "Kama ulivyoniambia."

Otema akashusha pumzi ndefu, mkono ukaachana na ukuta.

"Basi si zangu. Safari hii sikuzijaribu kwa msumari, nakiri. Maafisa walikuwa wakija kuliona darasa, nikaharakisha. Lakini kama zilikaa mpaka Jumapili, zilikuwa maiti. Kijana alileta yake kutoka uwanja wa shabaha. Hawa wajinga huzificha mifukoni wakauze. Kesho naandikisha maelezo."

"Utaandikisha kwamba aliiba?"

"Nitaandikisha kwamba risasi zangu zilikuwa mfu. Mengine watajumlisha wenyewe."

Alum akafungua kinywa. Wakati huo Laker akakohoa ndani, kikohozi kirefu cha mtu aliyezoea moshi, na Aciro, binti yao wa miaka tisa, akaita kutoka mlangoni kwamba mgeni anauliza kama kuna kazi ya kusaidia. Alum akafunga kinywa, akaenda kupika.

*

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa na kula kwa namna mbili. Alum alimpakulia Laker sahani yake peke yake, akamwekea juu ya kigoda karibu na mlango. Yeye na mwanawe walikula nje, wamechuchumaa kando ya sigiri. Otema alikula kambini.

Kwa mtu wa kwao hilo lilikuwa tusi la wazi. Mgeni halishwi peke yake kama mgonjwa wa ukoma. Laker alikula haraka akitazama chini, akaosha sahani yake mwenyewe, akaisugua kwa majivu, akaisuuza, akaisugua tena. Kisha akatafuta kazi. Alichambua karanga, akazoa takataka za mferejini ambazo hakuna mpangaji aliyewahi kuzigusa, akamsuka Aciro nywele kwa vidole vyepesi mpaka mtoto akasinzia mapajani mwake. Alum alipoona hivyo alimwita mtoto kwa ukali aende kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Jirani wa chumba cha pili alikuwa Pélagie, Mkongo anayeuza vitenge soko la Kikuubo, mwanamke mwenye sauti ya kuita wateja hata akiwa amelala. Alivumilia kwa siku chache. Kisha akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Mama Aciro, weye uko mubaya! Ule mama unamupatia chakula kama mbwa, pa mulango. Kwetu ku Bukavu, mugeni ni mugeni."

"Uza vitenge vyako, Pélagie."

"Bitenge nitauza. Lakini Mungu iko anaona."

"Aone. Asije tu na mdomo kama wako."

Wanawake waliokuwa wakifua wakacheka. Laker, aliyekuwa ndani, hakujua Kiswahili kingi, lakini tusi halihitaji mkalimani. Alum alipoingia alimkuta ameketi wima ukingoni mwa mkeka.

"Mwanangu," akasema, "nina kifua, kweli. Lakini ni cha moshi. Si kile kikohozi kibaya. Walinipima misheni."

"Najua, mama."

"Kama ni harufu, nitanunua sabuni."

"Si harufu."

"Basi ni nini?"

Alum alisema tumbo linamsumbua, hapendi kula na watu. Ulikuwa uongo mbovu, na wote wawili waliusikia ukianguka chini. Laker akaitikia kwa kichwa kama anayepokea chenji pungufu kwa sababu hana pa kushtaki.

*

Jumamosi Alum na Laker walikwenda pamoja hospitali ya Nsambya. Opoka alikuwa kitanda cha pembeni, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye shingo ndefu, nusu ya uso imefungwa bendeji. Alipomwona mama yake alijaribu kukaa kama askari, akaishia kuegemea kiwiko.

"Usilie, mama. Kwenye shabaha kila siku tunaambiwa fumba jicho moja. Mimi wamenipunguzia kazi."

Laker akampiga kofi la mguu, akacheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kingine, akatoka nje kutafuta maji ambayo hakuyahitaji.

Alum akabaki na kijana.

"Wewe ni mama wa nyumbani kwa afande Otema," Opoka akasema. "Mwambie sina kinyongo naye. Yeye alisema sogeeni muone, wenzangu wakaogopa, mimi nikasogea. Nilitaka kuona. Ile bunduki yake ni nzuri, mama! Ukiweka jicho dirishani, pale alipoikata ubavu, unaona ndani kabisa. Sindano inakuja polepole akiisukuma kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi. Nikamwambia, afande, sasa ifyatue kweli. Akafyatua. Ikalipuka, vipande vya ganda la risasi vikatoka hapohapo dirishani. Vingetoka wapi? Pengine pote pamefungwa."

"Pole, mwanangu."

"Jicho nimeshalizoea. Lakini jana alikuja Kapteni Kashaija, mmoja wa maafisa waliokuwa darasani siku ile. Anasema risasi nilileta mimi. Nikamwambia, afande, sijawahi hata kushika moja bila kuhesabiwa. Akasema mwalimu ameapa zake zilikuwa mfu." Lile jicho lililobaki lilikuwa kubwa, jekundu, linamtazama Alum bila kupepesa. "Mwalimu ni mtu wa kweli, darasa zima tunajua. Kwa hiyo hata mimi najiuliza. Labda nilileta. Labda nimesahau."

Alum alisimama. Alisema anamfuata mama yake. Korido ya hospitali ilinuka dawa ya kusafishia na uji, na aliipita akiwa ameshika kuta kama mume wake alivyoshika ukuta wa bafu.

Waliporudi kwa miguu wakipandisha kilima, Laker ndiye aliyeongea, akitazama barabara.

"Wakimfukuza kwa ajili ya jicho, sawa. Jicho ni jicho. Lakini wakimfukuza kwa ajili ya risasi, mwanangu, nitampeleka wapi? Kule kwetu askari watasema huyu aliiba risasi za kuwapelekea waasi walio porini. Na walio porini watasema huyu alikuwa kuruta wa serikali. Nyumba yetu iko katikati, na ukuta wake ni wa udongo."

"Labda hawatamfukuza."

"Wewe unaishi na jeshi. Unaamini unachosema?"

Laker akamshika mkono wavuke barabara, kama mtu anayemvusha mtoto, akasahau kuuachia.

*

Asubuhi ya baraza la jeshi la kuichunguza kesi ya Opoka, Otema alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, anapiga buti rangi. Laker alikuwa ameshaondoka kwenda hospitali. Aciro alikuwa shule. Alum alikuja akasimama mbele yake, akamzibia mwanga.

"Nilizitoa Alhamisi."

"Nini?"

"Risasi. Mafuta niliyapikia karanga."

Brashi iliendelea kwenda na kurudi juu ya ngozi ya buti.

"Alhamisi ndiyo siku niliyoziloweka."

"Najua. Jioni yake."

Brashi ikasimama. Otema akaiweka chini kwa uangalifu, manyoya juu, kama anavyoviweka vifaa vyake vyote. Kwa muda mrefu alitazama buti moja linalong'aa na moja lisilong'aa.

"Niliapa," akasema. "Nimeweka sahihi. Nimeapa kwamba zilikuwa maiti."

"Kaape tena."

"Kaape tena!" Alicheka bila sauti. "Nikisimama leo nibadili, unadhani watasema mke wake alikuwa anakaanga karanga? Nani ataamini karanga? Watasema Otema, wa jeshi lile, alitega risasi hai darasani siku maafisa wanakuja. Jicho lile lingekuwa la Kapteni kama angetangulia kuinama. Nitaondoka pale na gari lililofungwa nyuma, na wewe utakuwa unazunguka na picha yangu ukiuliza watu."

"Na kijana?"

"Kijana ni mzima."

"Ana jicho moja na jina la mwizi."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" Sasa alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa imepanda mpaka Pélagie akatoa kichwa dirishani. "Nilikuuliza. Nilikuuliza mara moja!"

"Uliniuliza ukiwa unatetemeka. Nikaogopa na mimi."

Otema akavaa buti zote mbili, lile linalong'aa na lile lisilong'aa, akaondoka bila kuaga.

*

Walirudi alasiri, wote watatu, wakiwa wameachana hatua kadhaa kama watu wasiojuana: Otema mbele, Laker katikati, Opoka nyuma, amevaa kaptura na shati la hisani lenye mikono mifupi mno. Sare walimvua langoni. Buti pia. Alikuwa peku, anakanyaga kokoto kwa tahadhari ya mtu ambaye bado hajajua ardhi iko umbali gani.

"Wamemfukuza," Otema alimwambia mkewe pembeni. "Hawakumfunga. Kapteni amesema tushukuru."

"Ulisema nini?"

"Nilisema nilichoandika."

Kisha akaketi kwenye kitanda akavua kofia, akawa anaizungusha mikononi, na hakumtazama mtu.

Laker hakulia. Alifanya mambo kwa haraka, kama mwanamke ambaye mvua inakuja na nguo ziko kwenye kamba. Kesho alfajiri wataondoka. Ameshauliza basi. Na leo, akasema, atapika yeye. Alikuwa amenunua unga wa mtama na mboga kwa pesa alizoshonea kwenye sketi yake, akaazima chungu kwa Pélagie, akakataa kusaidiwa. Alisonga mpaka jasho likamtiririka shingoni. Kisha akapakua vyote kwenye sinia moja kubwa, akaliweka katikati ya mkeka, akamnawisha kila mtu mikono mmoja baada ya mwingine, akaanza na Otema.

"Mmenihifadhi siku zote hizi," akasema. "Sina cha kuwapa. Na kama kulikuwa na neno kati yangu na mama wa nyumba hii, neno nililolikosea bila kujua, liishe hapa. Tule pamoja mara moja, ili njia ifunguke."

Opoka hakungoja. Alikuwa na njaa ya hospitali. Alimega, akachovya, akala, akamega tena. Otema alinyoosha mkono ukafika nusu ukabaki hapo hewani. Laker akafinyanga tonge zuri la duara, akalichovya kwenye mboga, akamwelekezea Aciro aliyekuwa ameketi karibu naye.

"Chukua, msukwa wangu."

Mtoto akafungua kinywa. Alum akaupiga mkono wa Laker.

Tonge lilianguka kwenye mkeka likabingirika. Hakuna aliyelifuata. Nje redio ya mtu ilikuwa ikitangaza vifo.

"Kumbe ndivyo," Laker akasema taratibu. "Kumbe ni kweli. Unatuona uchafu."

"Hapana, mama."

"Mtoto mdogo anachukua chakula mkononi mwangu unampiga?"

"Nimekupiga wewe. Yeye asile. Wala wewe usile hapa. Hukutakiwa kula hapa hata siku moja."

"Mama Aciro," Otema akasema. Alisema jina hilo tu, lakini kwa sauti ya amri.

Alum akasema yote. Hakuzunguka. Alisema Alhamisi, mvua, mkaa uliolowa, mafuta koponi, karanga za harusi, soksi. Alisema Jumapili aliyoitaja kwa mumewe na kwamba hapakuwa na Jumapili. Alisema mumewe aliapa akiamini, siku ya kwanza. Alipofika hapo akamtazama Otema amalizie, na Otema hakumaliza, kwa hiyo akamaliza yeye: leo aliapa akijua.

Opoka alikuwa ameacha kutafuna.

"Karanga?" akauliza.

"Karanga."

"Jicho langu limekaanga karanga." Akacheka kidogo, peke yake, akaacha.

Laker alikuwa bado amenyoosha ule mkono uliopigwa. "Siku zote hizi nimekula kwenye nyumba hii," akasema. "Nimekunywa."

"Ndiyo. Lakini sikula nawe."

"Ulikuwa unanilinda mimi?"

Alum angeweza kusema ndiyo. "Nilikuwa namlinda huyu," akasema, akimvuta Aciro kwake.

Laker akainuka, akatoka. Walimsikia mferejini akijitia vidole kooni. Alijaribu, akajaribu tena, na hakuna kilichotoka, maana chakula cha siku zile kilikuwa kimeshakuwa damu yake. Sauti ya Pélagie ikauliza kutoka chumba cha pili: "Mama, unagonjwa? Nilete maji?" Baada ya muda Laker akarudi ndani akijifuta kinywa kwa kitenge, kwa sababu katika mji mzima wa Kampala hapakuwa na mahali pengine pa kurudi. Hakuketi mkekani. Aliketi kizingitini, palepale alipoketi siku ya kwanza aliyofika.

"Wewe," akamwambia Otema. "Utakwenda kwa wakubwa wako kesho useme?"

Otema aliizungusha kofia. "Mama, nikisema nimekufa."

"Nimesikia." Hakukasirika. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza bei akaweka kitu chini. Kisha akamgeukia Alum. "Basi wewe utakuja na mimi. Jeshi siliwezi. Lakini kule kwetu kuna watu, na watamwuliza mwanangu risasi aliipata wapi, na yeye atasema sikuiba, na nani atamwamini? Utasimama mbele ya wazee wa ukoo wetu na wa ukoo wa mume wako. Utayasema haya uliyoyasema hapa, kwa mdomo wako, na karanga zako."

"Hawezi kwenda," Otema akasema. "Barabara ile haipitiki. Magari yanachomwa."

"Mimi nilipita."

"Na akishasema huko, maneno yatarudi huku. Maneno hayana kizuizi cha barabarani. Wiki mbili, mwezi, yatafika kwa Kapteni." Alikuwa anazungumza na mkewe sasa, na sauti ilikuwa imeshuka kabisa. "Unaelewa unachokwenda kukifanya? Mtoto huyu atalala wapi?"

Alum alielewa. Chumba walikipata kwa ajili ya sare ya Otema, na sare ikivuliwa langoni watatoka na kitanda kichwani. Alimtazama mume wake, fundi mzuri, mtu asiyejua kudanganya mpaka mkewe alipomfundisha. Akaona kwamba hata yeye hakuwa akimkataza kwa nguvu zote. Alikuwa ameketi pale akisubiri mtu mwingine aliamue jambo hilo.

Akampeleka Aciro mpaka mlango wa Pélagie, akamwomba kwa maneno machache amwangalie mtoto. Pélagie, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuuliza swali. Alum aliporudi alichukua kanga mbili na sweta kutoka kabatini, akazikunja.

Opoka alikuwa amelivuta sinia kwake. Mama yake alimtazama kwa mshtuko.

"Mama, ni unga wako," kijana akasema. "Na hospitali nimekula vya watu nisiowajua. Acha nile."

Alum akafunga fundo la kanga kwa meno na mkono mmoja.

"Basi linaondoka saa ngapi?" akauliza.

Laker alikuwa amegeukia nje. Opoka ndiye aliyejibu, kinywa kimejaa.

"Saa kumi na mbili asubuhi. Lakini uwahi, la sivyo utasimama njia nzima."